Mdogo wangu anataka kwenda Istanbul kutengeneza tumbo: nani atamtazama akirudi Dar?

Kutoka: Dada mkubwa, Leicester

Wapendwa, habari za majukumu.

Mdogo wangu yuko Sinza, ana watoto watatu, wote walizaliwa kwa upasuaji. Tangu azaliwe wa mwisho tumbo limekataa kurudi, na amechoka kuulizwa sokoni ana miezi mingapi. Amepata wakala kwenye WhatsApp anayepeleka watu Istanbul. Kwa bei moja anapata tiketi, hoteli, gari la kumpokea, mkalimani, upasuaji wa tumbo, kunyonya mafuta mbavuni na mgongoni, na mafuta hayo kuhamishiwa kwenye makalio. Vyote siku moja, na siku ya sita yuko kwenye ndege ya kurudi.

Nusu ya hela anaomba nimchangie. Kama ni dhambi au si dhambi, mama yetu ameshalimaliza hilo, tusilifungue hapa. Ninachotaka kujua ni kitu kimoja: akisharudi Dar, kidonda kikileta shida, anakwenda kwa nani? Wakala namuuliza, ananitumia picha za matumbo ya watu.

Kutoka: Mzee wa Tabata

Wanangu, mama zenu walijifunga kanga siku arobaini na uji wa pilipili manga, matumbo yakarudi. Hela hiyo anunue kiwanja Chanika.

Kutoka: Dada mkubwa, Leicester

Shikamoo mzee. Kiwanja anacho.

Kutoka: Muuguzi, Mbezi Beach

Dada, umefanya vizuri kuuliza kabla hujatuma hela. Kabla sijarudi nyumbani nilikuwa wodi ya upasuaji Birmingham, na watu waliorudi kutoka nje na vidonda vilivyofunguka tulikuwa tunawapokea. Hapa Dar nao wapo, tofauti ni kwamba hapa wanajificha. Mtu anakaa na usaha wiki nzima kwa sababu alimuaga mumewe kwamba anakwenda Uturuki kufuata mzigo wa nguo. Akifika hospitali anasema alifanyiwa ngiri. Daktari anatibu ngiri.

Nianze na hiyo siku ya sita. Ushauri wa huduma ya afya ya Uingereza ni kusubiri siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji wa tumbo ndipo upande ndege, na siku 5 hadi 7 kwa matiti. Watu wanadhani ni kwa ajili ya kidonda tu. Ukilala mezani muda mrefu, kisha ukakaa umekunja magoti kwenye kiti kutoka Istanbul mpaka hapa, damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa mguu, bonge likachomoka na kupanda mapafuni. Mtu wa namna hiyo anaweza kuanguka pale Terminali 3 akisubiri begi lake. Kama anatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, hatari inaongezeka, kwa hiyo amwambie daktari mapema. Ratiba ya siku sita imepangwa na mtu anayehesabu vitanda vya hoteli.

Makalio sasa. Hii ndiyo wanayoiita BBL, na hapa sitapaka asali. Mafuta yakichomwa ndani ya msuli yanaweza kuingia kwenye mishipa mikubwa ya vena iliyopita humo, yakaenda moyoni na mapafuni. Mtu anaweza kufia mezani. Mwaka 2017 jopo la madaktari wa upasuaji wa urembo lilikadiria kuwa kifo kinaweza kufikia 1 katika kila watu 3,000 hivi wanaofanyiwa, kiwango kikubwa mno kwa upasuaji wa mtu aliyekuja mzima. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa urembo Uingereza kiliwaambia wanachama wake wasiifanye. Mwaka 2022 kikalegeza, kwa sharti kwamba mafuta yawekwe chini ya ngozi tu, juu ya msuli, na daktari awe anatazama kwa ultrasaundi anapochoma. Basi mdogo wako amuulize daktari, siyo wakala: mrija wa mafuta unapita wapi, na ultrasaundi ipo chumbani? Akijibiwa "usijali dada, tumefanya maelfu", ajue bado hajajibiwa.

Na kwa nini vyote siku moja? Kwa sababu tiketi ni moja. Lakini mwili utalala usingizi wa dawa saa nyingi zaidi na kupoteza damu zaidi, na mwanamke aliyezaa mara tatu mfululizo si ajabu damu yake iko chini hata kabla ya kisu. Apime wingi wa damu hapa hapa. Apime na selimundu. Nchi yetu inazaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na waliobeba kinasaba bila kujua ni wengi kuliko hao. Daktari wa usingizi anatakiwa kujua kabla hajamlaza.

Kuna mambo ambayo daktari wa kule huenda asiulize kabisa. Malaria, kwa mfano. Homa ikimpata siku chache baada ya upasuaji, wote watakimbilia kidonda, na ni sawa, kidonda kikaguliwe. Lakini huyu katoka Dar. Aseme mwenyewe kwa mdomo wake, "nipimeni na malaria". La pili ni mkorogo. Mikorogo mingi ina steroidi, mingine zebaki. Ngozi iliyopakwa steroidi miaka na miaka inakuwa nyembamba na inachelewa kupona. Najua mdogo wako hapaki. Basi daktari aonyeshwe kopo la hicho asichopaka.

Halafu makovu. Kovu lake la uzazi ndilo shahidi. Kama lilivimba likapanda juu ya ngozi na kuwasha, hili jipya linaweza kufanya vivyo hivyo, na hili linatoka nyonga moja mpaka nyingine.

Nakuja kwenye swali lako. Mimi ningelimaliza hili kabla ya kulipa hata senti ya kushikia nafasi. Amtafute daktari bingwa wa upasuaji rekebishi hapa Dar, aende akamwone sasa hivi, tumbo likiwa bado zima, amwambie wazi mpango wake. Wengine watakataa kupokea kazi iliyoanzwa na mwenzao, na siwalaumu. Atakayekubali ndiye huyo. Na akiwa kwenye kuulizia, apite hospitali ya Muhimbili Mloganzila kule Kibamba, kwa sababu upasuaji rekebishi wanaufanya wenyewe, na hata puto la tumboni la kupunguza uzito wanaweka. Huenda akagundua safari yenyewe haina haja.

Akiamua kwenda, asirudi bila ripoti ya upasuaji kwa Kiingereza: walikata nini, walitoa mafuta lita ngapi, walimpa dawa gani, mrija wa majimaji ulitolewa lini. Bila karatasi hiyo daktari wa Dar anabahatisha. Na kidonda kikikataa kupona kwa antibayotiki za kawaida, aseme alifanyiwa nje ya nchi, usaha ukaoteshwe maabara. Kuna vijidudu vya ukoo mmoja na vya kifua kikuu vilivyowapata watu waliofanyiwa Jamhuri ya Dominika. Vinaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya safari, na matibabu yake ni ya miezi. Bima isimdanganye: bima nyingi za safari zinakataa upasuaji wa urembo pamoja na madhara yake, na NHIF, bima ya afya ya taifa, haikuanzishwa kwa kazi hiyo.

Kutoka: Binti wa Magomeni, Houston

Naongezea kidogo. CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya huku Marekani, ilitoa ripoti Januari 2024: raia 93 wa Marekani walifariki baada ya upasuaji wa urembo Jamhuri ya Dominika kati ya 2009 na 2022. Waliochunguzwa kwa undani, wengi wao ni mabonge ya mafuta au ya damu, yale yale aliyoyaeleza dada muuguzi. Na tusisahau Stella Obasanjo, mke wa rais wa Nigeria, aliyefariki Hispania mwaka 2005 baada ya upasuaji wa aina hii. Daktari wake alihukumiwa kifungo mwaka 2009. Yule hakukosa hela ya hospitali nzuri.

Kutoka: Mkalimani, Istanbul

Habari zenu. Naishi hapa na huwa naitwa kuwatafsiria wagonjwa kutoka Afrika Mashariki, kwa hiyo nitasema ninayoyaona.

Kwanza tusiitukane nchi nzima. Hospitali nzuri zipo, na Wazungu wanajaa kwenye korido zake. Tatizo ni njia mtu anayopita mpaka afike. Wizara ya Afya ya Uturuki inatoa cheti cha kuruhusiwa kuhudumia wagonjwa wa kigeni, na kinahitajika kwa hospitali na kwa mawakala pia. Dada aombe nakala za vyote viwili, kisha alinganishe majina. Mara nyingi WhatsApp ina jina moja, akaunti ya benki ina jina la pili, na hospitali unayopelekwa ni ya tatu. Wakigombana baadaye, kila mmoja anamsonta mwenzake, na wewe umeshika mrija.

Aongee na daktari mwenyewe kwa video kabla ya kununua tiketi. Nimeshuhudia mgonjwa anamwona daktari wake kwa mara ya kwanza asubuhi ya upasuaji, ameshavaa gauni, ameshachorwa kalamu tumboni. Karatasi ya idhini ni ya Kituruki, mimi nimepewa dakika chache niisome kwa sauti korido imejaa watu. Katika hali ile nani anasema "hapana, naahirisha"? Idhini aitumiwe mapema kwa lugha anayoielewa.

Na asije peke yake, hili nalisihi. Aliyekatwa tumbo anatembea ameinama kama anatafuta sarafu, kujiinua kitandani hawezi, chooni hawezi. Hoteli wanayoiita ya kupumzikia haina nesi, ina mtu wa mapokezi anayecheka vizuri. Ubalozi wetu uko Ankara, na kutoka Istanbul ni kama kilomita 450, kwa hiyo aandike namba zao kabla ya kuondoka Dar, asianze kuzitafuta usiku wa homa.

Kutoka: Kaka, Upanga

Mbona mmeruka India? Air Tanzania inakwenda Mumbai moja kwa moja. India wana viza ya matibabu inayoombwa mtandaoni, ya siku 60, unaingia mara tatu, na wasindikizaji wawili wanapewa yao. Siku 60 ni muda wa kupona na kurudi kwa daktari yule yule aangalie kazi yake, kisha ndiyo ufunge begi. Asiingie tu na viza ya utalii kwa sababu ni rahisi kuijaza. Vijidudu sugu kwa dawa vipo na huko pia, sitetei. Nasema hesabu ya siku.

Kutoka: Mzee wa Tabata

Huyo mkalimani apewe kazi ubalozini.

Kutoka: Dada mkubwa, Leicester

Asanteni sana, nimekaa na mdogo wangu kwenye simu tukasoma yote pamoja, mpaka ya mzee.

Wakala aliulizwa kuhusu ultrasaundi akajibu kwa alama ya moyo. Cheti alituma, na kweli jina la kwenye cheti na jina la kwenye akaunti ya benki hayafanani hata herufi ya kwanza. Anasema ni akaunti ya shemeji yake. Hapo mdogo wangu mwenyewe akacheka.

Tulipofikia: makalio ameyaondoa kwenye orodha, kasema aliyonayo yanatosha na ni wakala ndiye aliyeyaongeza. Tumbo bado analitaka, na mimi namuunga mkono, kwa sababu misuli ya katikati imeachana mpaka mgongo unamuuma, siyo shepu tu. Ataanza na Mloganzila. Wakimwambia kitu kisichomridhisha ndipo tutazungumza India, na mimi nitafuatana naye nikiwa likizo. Mchango wangu nimesema utakwenda kwenye akaunti ya hospitali, popote itakapokuwa. Amenuna kidogo, atapona.

Dada muuguzi, la mwisho: ile nguo ya kubana inayovaliwa usiku na mchana baada ya upasuaji. Kwa joto la Dar mtu anaiwezaje?

Kutoka: Muuguzi, Mbezi Beach

Kwa shida. Anunue mbili, moja ikiwa kwenye kamba nyingine iko mwilini, na chini yake avae fulana nyepesi ya pamba isiyo na mshono wa kumkwaruza. Kama tarehe iko mikononi mwake, apange Juni hadi Agosti. Kuvaa kitu kile Februari hapa, na umeme ukatike, ni adhabu, basi awe na feni ya chaji. Pauda asipake karibu na kidonda hata kama jasho linamchoma, na ule mkanda wa uzazi aliouhifadhi kabatini hauwezi kuchukua nafasi yake, kwa sababu unajikunja na kukata mshono.

Ndoo ya maji asinyanyue mpaka daktari aseme, na kwa kawaida ni wiki sita hivi. Mtoto mdogo naye ni ndoo. Atafute mtu wa kukaa naye kabla ya kupanga tarehe.

Misuli kuachana amtajie daktari mwanzoni kabisa, maana hiyo inabadilisha mazungumzo: wataangalia kama ana ngiri kweli, na huenda wakamwanzishia mazoezi kwanza. Majibu ya wingi wa damu na selimundu aende nayo mkononi siku ya miadi, yatamwokolea safari moja ya Kibamba.