Mrejesho: Rimu za aloi zimetakata, isipokuwa moja

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza namna ya kutoa madoa ya kahawia kwenye rimu za aloi (alumini iliyochanganywa na metali nyingine), baada ya kijana wa kuosha magari kuzipitishia asidi na kuiacha moja na mabaka meupe. Mkaniambia asidi niiache kabisa, na nioshe rimu zikiwa zimepoa.

Jumapili niliegesha kivulini hapa Kisauni, pwani, nikaosha gurudumu moja moja: maji mengi kwanza, kisha shampuu ya gari na brashi laini, na mswaki mkuukuu kwenye matundu ya nati. Kumbe uchafu ulijificha pale! Maji yalitoka meusi kama wino. Ni vumbi la breki, lina chembe za chuma, na kwa hewa yetu hii ya chumvi linashika kutu upesi.

Tairi nilizisugua kwa ndoo na brashi nyingine, mpaka povu likaacha kutoka la kahawia. Aliyesisitiza ndoo mbili, Mungu ambariki. Mchanga wa tairi ungenikwaruzia rimu zote.

Tatu zinang'aa. Ile ya mabaka haikurudi, asidi imekula rangi ya juu. Naipeleka ikapakwe upya.