Sheria kali za uhamiaji Marekani: zinawatoa wazamiaji au zinawafungia ndani?

Kaskazi: Wakuu, sheria ya 1996 ni hivi: ukizidisha siku 180 bila kibali halafu ukatoka, huruhusiwi kurudi kwa miaka 3. Ukifikisha mwaka, miaka 10. Adhabu inaanza siku unayotoka! Nani mwenye akili atatoka?

Mzee wa Fomu: Kuna fomu I-601A, ya kuomba msamaha wa adhabu hiyo ukiwa bado ndani.

Kaskazi: Lazima uwe na mke, mume au mzazi ambaye ni raia au ana grini kadi, na uthibitishe atateseka kupita kiasi. Watoto hawahesabiki hata wawe sita. Umesahau hilo?

Nondo: Mnazunguka mbuyu. Bana waajiri. E-Verify, mfumo wa mwajiri kuhakiki kama mtu anaruhusiwa kufanya kazi, si lazima nchi nzima, ndiyo maana watu bado wanapata kazi na hawatoki. Na nyie mliookota bahati nasibu ya viza punguzeni mihadhara, foleni hamuijui.

Tausi: Kuokota? Kaka, viza hazizidi 55,000 kwa mwaka na wanaochaguliwa ni wengi kuliko hizo. Namba yako ya foleni ikiwa kubwa, unaweza kufika 30 Septemba hujaitwa, na hapo imekwisha, haihamii mwaka unaofuata. Ukiacha kumtaja mtoto hata mmoja wa chini ya miaka 21, unanyimwa viza papo hapo. Hata kama hasafiri.

Nondo: Bado ni bahati. Unajaza fomu dakika kumi.

Tausi: Na picha ya mwaka jana ukiirudia? Umejitoa mwenyewe.

Mzee wa Fomu: Ongezea cheti cha sekondari, au miaka 2 ya kazi inayohitaji mafunzo ndani ya miaka 5 iliyopita. Udereva wa kawaida haupiti hapo. Wengi wanakwama kwenye usaili, ada wameshalipa na hairudishwi.

Kaskazi: Jamani, mada! Nondo, E-Verify inalinganisha jina na namba ya hifadhi ya jamii (SSN) na kumbukumbu za serikali. Mtu akitumia jina na namba ya mwingine vyote vya kweli, vinaoana. Mwajiri amejaza I-9, fomu ya kukagua vitambulisho vya mfanyakazi mpya, ndani ya siku 3 za kazi, karatasi zinaonekana halali, utamshika kwa lipi?

Nondo: Waje kwa H-2A basi, viza ya vibarua wa kilimo. Haina kikomo cha idadi.

Kaskazi: Ni ya kazi za msimu. Ng'ombe anakamuliwa msimu gani? Mashamba ya maziwa yanahitaji watu mwaka mzima, hiyo viza hawaipati. H-2B nayo, isiyo ya kilimo, ni 66,000 kwa mwaka, imegawanywa nusu kwa kila miezi sita.

Nondo: Sawa, ila hata wenye ndoa na raia hupewa makaratasi bila kutoka.

Mzee wa Fomu: Aliyeingia kwa viza ikamwishia, ndiyo. Aliyekatiza mpakani bila kukaguliwa, kwa kawaida hapana, anarudi kwenye ile miaka 10.

Tausi: Nondo, bado sijaombwa radhi kwa hilo la kuokota.

Nondo: Dada, nimesema *bahati*. Soma tena.

Tausi: Umesema *mliookota*. Iko hapo juu.