Kinanda cha mabomba: nota inalia yenyewe, nyingine inavuja. Tuanzie wapi?

Mtunza Kinanda Dom
Wakuu, salaam. Kanisani kwetu hapa Dodoma tuna kinanda kidogo cha mabomba: rejista 6 (seti za mabomba, kila moja na sauti yake), fito za mbao (ukibonyeza nota, ufito huvuta kilango kinachoruhusu upepo kwenda kwenye mabomba), blowa ya umeme. Wakati wa mvua hakina neno. Kiangazi kikikolea:
a) G ya katikati inaendelea kulia hata ukiachia kidole;
b) ukibonyeza C, D inasikika kwa mbali;
c) rejista ya tarumbeta inapatana na wenzake ibada ya kwanza, ya pili haipatani.
Kamati inataka tupulize vumbi kwa kompresa halafu tutyuni kila kitu kabla ya Kipaimara. Ni sawa?

Fundi Mbao
Kompresa ni ya gereji, ndugu. Ukipuliza, vumbi halitoki, linahamia kwenye vilango vya upepo, na hapo ndipo nota zinapong'ang'ania. Mdomo wa bomba husafishwa kwa brashi laini, bila kukwangua kingo zake.

Kuhusu G: fungua rejista moja moja ikiwa inalia. Ikilia kwenye zote, mabomba hayana kosa. Shida iko kwenye ufito au kilango chake. Bonyeza na kuachia haraka mara tano sita, wakati mwingine chembe hudondoka yenyewe. Ikigoma, legeza nusu mzunguko ile nati ya ngozi mwisho wa ufito. Ukame huchezesha mbao, na ufito ukikaza unakiacha kilango wazi kidogo.

Bado? Zima blowa, subiri mvukuto ushuke, fungua ubao wa mbele wa sanduku la upepo (lile lililobeba mabomba, vilango vimo ndani). Shusha kilango cha G kwa kidole, pitisha kipande chembamba cha karatasi, achia, kisha vuta taratibu. Linganisha na kilango cha jirani. Karatasi ikitoka bila kushikwa, springi imechoka au ngozi haikai vizuri. Msitie mafuta popote humo.

Mwl wa Nota
Hilo la C na D linaeleza mengi. Mabomba yenu yamepangwa pande mbili: C, D, E, F# huku, C#, D#, F, G kule. Kwa hiyo njia ya upepo ya C inapakana na ya D, na mbao iliyo kati yake imepasuka au gundi imeachia, upepo unavuja. Msipake silikoni! Gundi ya asili ya ngozi za wanyama hulainishwa kwa maji ya moto, fundi akarudia kazi; silikoni ikishapita, gundi nyingine haishiki tena.

Nunueni kipima unyevu, kikae ndani ya kabati la kinanda. Lengeni asilimia 45 hadi 60. Kikionyesha chini ya hapo, wekeni mabeseni mapana sakafuni ndani ya kabati (kamwe si juu ya sanduku la upepo) na vitambaa vya pamba vinavyoning'inia, ncha moja majini. Pandisheni unyevu polepole. Na maji yamwagwe, mabeseni yasuguliwe kila wiki, la sivyo mtafuga mbu kanisani.

Sauti ya Nne
Tarumbeta haijaharibika. Joto likipanda, mabomba ya kawaida hupanda sauti kama senti 3 kwa kila nyuzi joto 1. Senti ni kipimo cha sauti: nusu toni ni senti 100. Tarumbeta inalia kwa ulimi wa shaba, haipandi hivyo, basi inaonekana imeshuka. Kati ya asubuhi na mchana kiangazi, nyuzi 10 si ajabu: senti 30 hizo. Tyuni tarumbeta peke yake, kwa joto la ibada kubwa, kwa kugonga kidogo waya unaobana ulimi wake: waya ukishuka, sauti inapanda. Mengine msiyaguse. Hata ukilishika bomba kwa kiganja linapanda.
Blowa inavuta hewa wapi?

Mtunza Kinanda Dom
Stoo ya nyuma, chini ya bati. Na karatasi ya Fundi Mbao imetoka na vumbi jekundu. Nimeipitisha mara tatu, G imenyamaza.

Fundi Mbao
Basi mnavuta hewa ya moto na vumbi, mnaisukuma kwenye kinanda. Toboeni ukuta ivute hewa ya ndani ya kanisa, mdomoni mwa blowa wekeni fremu pana yenye kitambaa cha kuchuja vumbi.

Kabla na baada, pimeni upepo: chukueni mpira mwangavu wa levo wa mafundi ujenzi, ukunjeni kama U, tieni maji, ncha moja ichomekwe kwenye tundu la bomba mlilolitoa, nota yake ibonyezwe. Tofauti ya maji kati ya pande mbili ndiyo presha. Vinanda vingi vya kanisa vina milimita 60 hadi 90. Pimeni rejista zote zikiwa wazi na mtu ameshikilia akodi nzito. Ikishuka kuliko ilivyokuwa, kitambaa kinabana: ongezeni ukubwa wa fremu, msikitoboe.