Kifaa saidizi chako ulikipataje, na kikiharibika unafanyaje? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Kirumba

Habari zenu wakuu. Niko Mwanza, natumia kiti mwendo mwaka wa kumi na moja sasa, tangu nilipodondoka kwenye mwembe nikaumia uti wa mgongo.

Kiti changu cha kwanza nilipewa kwenye hafla. Tulipangwa mstari, tukapigwa picha, tukarudi nyumbani. Kilikuwa kile cha wodini, kipana, kizito, magurudumu ya mbele madogo kama ngumi. Hakuna aliyenipima nyonga wala kuniuliza naishi wapi. Naishi mlimani, kwenye mawe. Siku ya kwanza tu kikanasa.

Lakini kilichoniumiza hasa ni kukosa mto. Kuanzia kiunoni kushuka sihisi kitu, kwa hiyo sikujua kama kile kitambaa kilicholegea kinanibana makalio. Mke wangu ndiye aliyeona doa jekundu jioni akinisaidia kuoga. Baada ya wiki mbili lilikuwa kidonda cha kuingia kidole. Nililala kifudifudi miezi minne.

Kiti cha pili nilikipata kwa fundi aliyekaa na mimi karibu saa nzima. Alipima nyonga, paja, mgongo, akaniuliza njia ya kwangu ikoje, choo kikoje. Akanipa cha magurudumu matatu, la mbele limesogezwa mbali ili kisipinduke kwenye mteremko. Ya nyuma yanavaa tairi za baiskeli za kawaida, na mto umechongwa kwa umbo langu. Yeye ndiye aliyenieleza kuwa mwongozo wa WHO wa 2008 unataja hatua 8 za kumpa mtu kiti, kuanzia rufaa na vipimo hadi kufunzwa kukitumia na kufuatiliwa baadaye. Kwenye ile hafla nilirukishwa karibu zote.

Ripoti ya WHO na UNICEF ya 2022 inasema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na karibu bilioni moja hawakipati. Katika baadhi ya nchi maskini wanaopata ni 3 tu kati ya kila 100 wanaohitaji. Mimi nilihesabiwa kati ya waliopata, tena nikiwa kitandani na kidonda.

Sasa tuambizane. Wewe au ndugu yako mnatumia nini? Na kikiharibika mnafanyaje? Hilo la pili ndilo nalitaka zaidi.

Mama wa Pacha, Dodoma

Pole sana kaka. Kidonda cha namna hiyo nakijua, baba yangu kilimsumbua mpaka mwisho.

Kwetu ni binti, ana miaka saba, anavaa mashine za kusikia, masikio yote mawili. Mashine tulipewa bure, Mungu awabariki waliotoa. Betri za mwaka wa kwanza ndizo zilizonifanya niuze cherehani.

Anatumia betri namba 13, zile zenye kikaratasi cha rangi ya chungwa. Ukibandua kikaratasi hewa inaingia na betri inaanza kazi, na hapo huwezi kuirudisha. Hata ukizima mashine inaendelea kwisha taratibu. Mimi nilikuwa sijui. Nikabandua pakiti nzima nikidhani nawahi asubuhi ya shule. Zote zikafa ndani ya wiki chache.

Halafu kuna ile moldi inayokaa ndani ya sikio. Mtoto anakua na sikio linakua, moldi inalegea, mashine inaanza kupiga mluzi. Mwalimu akadhani mtoto ndiye anapiga kelele, akamtoa nje. Baada ya hapo akawa anafika shuleni anavua mashine anazificha ndani ya soksi. Nilizikuta siku nafua. Nililia, jamani.

Siku hizi usiku nazilaza ndani ya kopo lenye mchele mkavu zisipate unyevu, na moldi tunabadilisha kila zinapoanza kulia. Betri naagiza Dar kwa watu wa basi.

Likoni77

Mimi niko Likoni, Mombasa. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti, ajali ya bodaboda. Nilitengenezewa mguu wa polipropilini, ile plastiki inayopashwa moto kwenye oveni halafu inavutwa juu ya plasta ya mguu wako. Ni teknolojia iliyoendelezwa na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, bei yake ni nafuu kuliko ya zile za Ulaya, na ikikubana fundi anaipasha moto tena pale pale panapouma.

Ambalo sikuambiwa mapema ni kwamba sehemu ya mguu iliyobaki husinyaa miezi ya mwanzo. Ili ujae vizuri ndani ya mguu bandia unauvalisha soksi. Nilianza na soksi moja, nikafika tano, bado mguu unacheza kama ndoo kisimani. Kurekebishwa ni bure, lakini nauli na siku za kazi zinazopotea je? Niliahirisha mpaka nikachubuka, nikarudi kwa magongo.

Na magongo nayo yana raba zake chini. Ikiisha, chuma kinagusa sakafu, na kwenye feri sakafu ikiwa na maji unakwenda chini. Mimi nakatiwa raba na fundi viatu kutoka tairi kuukuu. Inadumu kuliko ya dukani.

Mwalimu Nundu

Mimi sioni kabisa. Kompyuta yangu inasomwa na NVDA, programu ya bure inayotamka kwa sauti yaliyoandikwa kwenye skrini, iliyoanzishwa 2006 na Michael Curran wa Australia, naye haoni. Ina sauti ya Kiswahili, ngumu kidogo masikioni lakini unaizoea. Kabla yake nilikuwa nakariri tu, kwa sababu programu za kulipia zilipita mshahara wangu.

Tatizo langu ni simu. Menyu ya kutuma pesa inajifunga kabla sauti haijamaliza kusoma. Nikichelewa naanza upya, mara tatu, nne, mwisho namkabidhi wakala simu pamoja na namba ya siri. Mara moja nimeibiwa hivyo. Fimbo nyeupe ninayo, simu ninayo, lakini pesa zangu mwenyewe anazishika mtu mwingine.

Fundi wa Moshi

Nimesoma TATCOT, pale hospitali ya KCMC, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanza 1981. Likoni77, soksi zikifika tano usisubiri, rudi ubadilishiwe soketi, ile sehemu ya mguu bandia unamoingiza mguu wako. Mkazi wa Kirumba, pitisha mkono chini ya makalio ukiwa umekaa kwenye mto. Ukigusa mfupa umekandamiza vidole, sponji imekufa.

Mkazi wa Kirumba

Nimejaribu sasa hivi. Upande wa kushoto imekufa kweli. Asante fundi, kesho natafuta sponji.

Sisi watu watatu hapa tulikopa kwenye mikopo ya halmashauri, ile asilimia 2 ya mapato yake inayotengwa kwa watu wenye ulemavu, tukafungua kibanda cha kutengeneza viti. Beringi, tyubu, spoku. Wateja wetu wengi walikuja na viti vilivyokaa uani mwaka mzima kwa kukosa tyubu tu.

Mama wa Pacha, nina kijana anakwenda Dar Ijumaa kuchukua spea na anarudi kwa kupitia Dodoma. Anunue pakiti ngapi?

Mama wa Pacha, Dodoma

Nne. Namba 13, kikaratasi cha chungwa. Mwambie asibandue.