Naomba ushauri: fundi wa injini za ndege aanzie jeshini au uraiani?

Ndugu wanajamvi, nawasalimu kutoka Entebbe. Kijana wangu amemaliza kidato cha sita na moyo wake wote uko kwenye ufundi wa ndege za jeti zenye injini mbili, lakini tumekwama: aombe nafasi katika jeshi la anga, au aende moja kwa moja chuo cha usafiri wa anga cha Soroti?

Jioni hukaa naye kando ya ziwa. Ndege ya abiria aina ya CRJ900 ikishuka kutua, hunionyesha injini zilizoshikizwa ubavuni karibu na mkia, tofauti na za A330 zinazoning'inia chini ya mabawa. Ndege za kivita aina ya Su-30 za jeshi letu, zilizotoka Urusi, zimefichiwa zao ndani ya kiwiliwili, na rubani anapohitaji nguvu zaidi, mafuta ya ziada huchomwa nyuma ya injini.

Hapo ndipo penye wasiwasi wangu, kwani injini ya abiria huundwa ibane mafuta na idumu maelfu ya saa, na ndege ya injini mbili inayovuka bahari lazima iweze kufika uwanja wa karibu kwa injini moja, ilhali ya kivita hutanguliza msukumo.

Je, miaka ya kazi jeshini huhesabiwa mtu anapoomba leseni ya kiraia, au huanza upya? Mliopitia njia hizi mbili, tafadhali nielekezeni, maana ada nitakayolipa ndiyo akiba yangu yote.