Kabati la mtumba lenye rangi juu ya rangi na kitanda cha kamba: nianzie wapi kwa fedha kidogo?

Mpangaji wa Mkomani anauliza:

Assalamu alaikum. Mimi na mume wangu tumepanga nyumba ya mawe ya zamani katika mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, na kwa kuwa kodi imechukua sehemu kubwa ya akiba yetu, tumeamua kuipamba nyumba kwa vyombo vya mtumba. Nyumba moja ya wageni ilikuwa ikiuza vitu vyake, nasi tukanunua kabati refu la milango miwili, kitanda cha kamba chenye matendegu ya kukereza, na viti vinne vya chuma.

Kabati ndilo linalonipa mawazo. Juu lina rangi ya mafuta ya kijani, chini yake kuna nyeupe, na karibu na kitasa, palipobanduka, unaonekana mti mgumu wa rangi nyekundu ya hudhurungi. Ni zito mno. Skrubu za bawaba zimekula kutu hata vichwa vyake havishiki bisibisi, na mlango mmoja unaning'inia. Kitanda ni kizima isipokuwa kamba zake zimekatika na tendegu moja linacheza.

Jirani amenishauri niloweshe kabati kwa kostiki soda, rangi yote itoke kwa siku moja. Mwingine anasema nipake rangi mpya juu ya ile ya zamani, yaishe. Tumebakiwa na takriban shilingi 15,000, na humo ningependa pia kupata cha kutengenezea ukuta wa chumba cha ndani, ambao rangi yake ya plastiki inavimba na kumwaga unga mweupe sakafuni. Je, nianze na kipi, na kipi nisikiguse?

Fundi seremala, Matondoni:

Wa alaikumu salaam, dada. Kostiki soda iache kabisa. Kwa wekundu na uzito unaoueleza, huenda kabati hilo ni la mbambakofi, mti ambao mafundi wa pwani wameutumia kwa milango tangu zamani, na miti migumu ya namna hiyo husawijika ikiguswa na soda. Tena soda hulegeza gundi ya viungo, na mabaki yake hujificha katika nyuzi za mti na kuharibu mafuta au vanishi utakayopaka baadaye.

Kabla ya kununua chochote, chunguza kilichopakwa. Fungua milango utazame upande wa ndani, ambako wapaka rangi mara nyingi hawajisumbui kufika. Chovya pamba katika spiriti na uishikilie mahali pasipoonekana kwa muda wa dakika moja. Pakianza kunata, hiyo ni polishi ya spiriti, ile iliyotumiwa kwa vyombo vya kifahari vya zamani. Pasiponata, jaribu thina. Ikilainisha, ni laka. Kama vyote viwili havifanyi kitu, basi ni vanishi au rangi ya mafuta. Jaribio hili ni la bei ndogo sana na ndilo linaloamua kazi yote inayofuata, kwa hiyo nakuomba usiliruke.

Ukifika kwenye kubandua, tafadhali zingatia afya ya watu wa nyumbani. Rangi nyingi za mafuta za miaka ya nyuma zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto hata likiwa kidogo. Usipige msasa mkavu juu ya rangi hiyo wala usiichome kwa moto. Fanya kazi uani au darini, watoto wasiwepo, funika pua na mdomo kwa barakoa nzuri, na mabaki uyafute kwa kitambaa cha maji badala ya kuyafagia.

Mimi hupendelea kukwangua kwa kipande cha kioo cha dirisha kilichokatwa vizuri, nikiwa nimevaa glavu nene. Kioo kikishikwa kwa kuinamishwa kidogo kuelekea kule unakokwenda, hutoa utando mwembamba wa rangi unaojikunja. Kikianza kutoa unga badala ya utando, makali yake yamekwisha. Chukua kipande kingine, kwa sababu ukikikandamiza kitaparuza mti. Fuata nyuzi za mti siku zote. Pakibaki rangi katika pembe na nakshi, hapo ndipo utumie dawa ya kubandulia, kidogo kidogo, kwa brashi ndogo.

Mti ukishakuwa mtupu, pitisha msasa namba 120, kisha namba 180. Halafu ufute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu na kukamuliwa, kwa sababu hewa yetu huacha chumvi juu ya kila kitu, na chumvi huvuta unyevu. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi, kwa hiyo tumia ya mfereji yanayotoka Shela, au ya mvua. Uache mti ukauke kabisa kivulini. Kisha paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Mkono wa kwanza uyachanganye nusu kwa nusu na tapentaini ili yapenye, usubiri kama robo saa, na yote ambayo hayakunywewa na mti uyafute. Rudia siku zinazofuata kwa mikono myembamba. Watu hujaribu mafuta ya nazi kwa kuwa yapo jikoni, lakini hayo hayakauki. Hubaki yakinata na baadaye hunuka.

Jambo moja nalisisitiza kwa nguvu zote: vitambaa vilivyoloa mafuta ya kitani vikikunjwa na kurundikwa pembeni hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kuguswa na moto. Katika mji wenye vichochoro vyembamba na mapaa ya makuti, hilo ni la kuogopwa. Vianike kimoja kimoja nje, au vitie ndani ya ndoo ya maji.

Skrubu za chuma zote zitoke, na mahali pake ziingie za shaba. Kwa zile zisizoshika bisibisi, kata mfereji mpya kichwani kwa msumeno wa chuma, kisha ugonge bisibisi taratibu kwa nyundo kabla ya kuizungusha. Shaba ni laini na hukatika katika mti mgumu. Hivyo zungusha kwanza skrubu ya chuma yenye ukubwa uleule ili ifungue njia, uitoe, halafu uingize ya shaba iliyopakwa nta.

Kitanda hakina shida kubwa. Chomoa tendegu linalocheza, ukwangue gundi yote ya zamani mpaka uone mti, kwa kuwa gundi mpya haishiki juu ya ile ya kale, kisha ulirudishe kwa gundi isiyoogopa maji na ulifunge kwa kamba mpaka kesho yake. Kuwamba mwachie mtu anayejua. Kamba ziloweshwe kabla ya kuwambwa, na baada ya kulaliwa kwa muda zikazwe tena, kwani lazima zitalegea. Viti vya chuma ningeviuza.

Mkazi wa Malindi:

Fundi ameeleza vizuri, nami namheshimu, ila kuhusu bajeti nina maoni tofauti kidogo. Huku Malindi vyombo vya mtumba ni vingi, hasa Waitaliano wanapouza nyumba zao au kuzifanyia mabadiliko, na nimeona watu wengi wakianza kubandua rangi kwa ari, wakaishia njiani na kubaki na kabati nusu kijani, nusu mti, miezi na miezi. Rangi ya mafuta iliyoshika vizuri ni kinga dhidi ya hewa ya bahari. Dada anaweza kuosha sehemu za pembeni na za nyuma kwa sabuni, kuzipiga msasa wa maji kidogo tu ili zishike, na kuzipaka mkono mmoja wa rangi tulivu, halafu nguvu na fedha azielekeze kwenye milango, ambayo ndiyo inayoonekana. Akipata fedha siku nyingine, anaendelea. Rangi haiuzuii mti kungoja.

Naomba pia akague mgongo wa kabati. Miti migumu hubunguliwa zaidi katika sehemu nyeupe ya nje ya gogo, na mafundi wa zamani walizoea kuiweka sehemu hiyo nyuma, mahali pasipoonekana. Tundu ndogo peke yake si hoja, huenda wadudu walikwisha toka zamani. Unga laini unaodondoka chini ya tundu ndio wa kuangaliwa.

Na kwa wengine wanaosoma hapa wakijiandaa kununua: inueni droo, mtazame ukingo wake. Ukiona chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi na kufunikwa karatasi yenye picha ya mti, msinunue kwa ajili ya nyumba ya pwani, hata wakiwapunguzia bei. Zikinyonya unyevu huvimba, skrubu hazishiki tena, na hakuna fundi atakayeweza kuzirudisha.

Bi wa Langoni:

Mwanangu, fundi na huyu ndugu yetu wa Malindi wamezungumzia kabati, nami nakuomba uanze na ukuta. Ukilisimamisha kabati lililokarabatiwa mbele ya ukuta unaotoa maji, mgongo wake utaoza na kazi yote itapotea.

Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za namna hiyo hupumua: hunywa unyevu na kuutoa. Rangi ya plastiki huziba njia hiyo. Unyevu unapotafuta pa kutokea hubeba chumvi iliyomo ndani ya ukuta, chumvi huganda nyuma ya rangi na kuisukuma, na huo unga mweupe unaouona ndiyo chumvi yenyewe. Kwangua rangi yote iliyovimba, upige ukuta kwa brashi kavu na kuuzoa unga huo. Usiuoshe kwa maji, kwa kuwa maji yataiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Palipobomoka pazibwe kwa chokaa na mchanga uliooshwa maji matamu. Usimruhusu mtu yeyote alete saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe letu na haipitishi unyevu, hivyo baada ya muda hubanduka na kuondoka na vipande vya ukuta.

Kisha upake chokaa iliyoloweshwa siku nyingi, nyembamba kama maziwa, mikono mitatu au minne, ukinyunyizia ukuta maji kidogo kabla ya kila mkono. Siku ya kwanza utaona haifuniki, nawe usiiongeze uzito. Huwa nyeupe inavyokauka. Kinga macho yako, maana chokaa huunguza. Kabla ya yote hayo pata ruhusa ya mwenye nyumba, na uliza pia kwa Makumbusho ya Taifa, kwani mji wetu wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001 na kuta zake si mali ya mtu mmoja kuzigeuza apendavyo. Wazee walio pale wanazijua nyumba hizi, na ushauri wao utakuokoa.

Kuhusu kupamba, usinunue rafu. Ikiwa chumba chako cha ndani kina zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani, hizo ndizo rafu zako. Zisafishe, uzipake chokaa, uweke sahani chache na mrashi wako wa arusi, na uache baadhi zikiwa tupu ili zionekane. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, kwa kawaida hazizidi mita 3, kwa hiyo kabati likae kwenye ukuta mfupi wa mwisho, likiwa limeachana na ukuta kiasi cha kiganja ili hewa ipite. Kitanda kiache upande mrefu. Chini tandika mkeka, na dirishani kikoi kinatosha. Kama chumba kina giza, kioo kimoja kikubwa cha mtumba kikitazamana na mlango wa kiwanda, yaani ua wa ndani, kitaleta mwanga kuliko taa mbili.

Mpangaji wa Mkomani:

Nawashukuru sana. Mwenye nyumba amekubali kuhusu chokaa na ameahidi kuchangia, hivyo ukuta utatangulia kama Bi alivyosema. Nimefanya jaribio la pamba: ndani ya mlango spiriti imenata, na pamba imetoka na wekundu. Nyuma kuna tundu katika ubao mmoja, na nimeona unga kidogo. Fundi, je, mafuta ya kitani yapakwe pia juu ya hiyo polishi ya ndani? Na ubao ule tuutibu au tuutoe?

Fundi seremala, Matondoni:

Hiyo ni habari njema, dada. Mafuta hayapenyi juu ya polishi, kwa hiyo ndani usipake chochote. Futa uchafu kwa kitambaa kilichonyevuka, na palipofifia pitisha pamba yenye spiriti kidogo kwa mkono mwepesi. Polishi iliyopo itayeyuka na kujisawazisha yenyewe.

Na kama ndani ni polishi, yaelekea nje nako ilikuwepo kabla ya ile rangi nyeupe. Polishi huziba vinyweleo vya mti, na rangi iliyopakwa juu yake haishiki sana. Hapo ndugu wa Malindi yuko sahihi kuanza na milango: ing'oe, uilaze juu ya meza, ukwangue kwa kioo sehemu ndogo ya pembeni. Rangi ikitoka vipande vipande na kuacha wekundu safi chini yake, hutahitaji kununua dawa ya kubandulia isipokuwa kichupa kimoja cha nakshi.

Ubao ule zoa unga wake, utandike karatasi nyeusi chini na uitazame asubuhi kwa wiki moja au mbili. Unga mpya ukidondoka, wadudu wako hai. Utoe ubao, na kama hauna rangi uuchome mbali na nyumba, utie mwingine wa mti mgumu usio na sehemu nyeupe. Karatasi ikibaki safi, tia dawa ya wadudu katika tundu kwa sindano na uuache mahali pake. Bawaba za shaba usizinunue kwa kukisia. Chukua moja ya zile za zamani uende nayo dukani, upime urefu, upana na unene wake, ili mpya ikae katika shimo lilelile bila kuchonga mlango upya.