Likizo ya Juni: vijana wakae Dar, waende kijijini au twisheni? Tujadili

Mama Kimara: Wadau habari za jioni. Shule zimefunga, nina vijana wawili ndani, wa kiume kidato cha tatu, wa kike kidato cha kwanza. Baba yao anataka waende kijijini wakajue ndugu, mwalimu jirani yetu anasema twisheni maana wa kiume mwakani ana mtihani wa taifa, wao wenyewe wanataka bichi na bando. Nimewanyang'anya simu toka juzi, sasa wanalala mpaka saa tano, wakiamka wanaulizana kuna nini cha kula. Swali langu, likizo ni ya kusoma au ya kupumzika? Na kama ni kupumzika, hapa mjini kijana anaenda kufurahi wapi bila mimi kukopa kikoba?

Mangi Mtulivu: Hili nalo la kuuliza mama? Kijijini. Sisi shule ikifungwa leo, kesho alfajiri uko stendi. Unaenda kukata majani ya ng'ombe, unaoga mferejini maji ya barafu, jioni bibi kakuwekea mtori, unarudi shule una misuli na adabu. Na raha zipo, Marangu kuna maporomoko ya Kinukamori, kijana mwenye pumzi anapanda na mwongozaji Mlima Kilimanjaro mpaka kituo cha Mandara anashuka siku hiyo hiyo, akirudi ana cha kuwahadithia wenzake. Shida ipo kwa watu wa Pwani ambao hawana kijiji, likizo mtoto anatolewa Mbagala anapelekwa Mbagala. Hao ndo wanajaza bichi ya Coco kula mihogo.

Mwalimu wa Jioni: Naomba nichangie upande wa twisheni maana naona umepitwa haraka. Mtoto akikaa mwezi mzima hajashika kalamu, akirudi tunaanza upya. Masaa mawili ya asubuhi hayaui mtu, mchana atacheza.

Kisarawe Juu: Mtani Mangi, nani kakwambia hatuna kijiji? Wewe ulivyoshuka Ubungo na begi lako la shangazi kaja ndo ulikuwa umeingia kijijini kwa watu na hata hodi hukupiga. Kabla Sultani Majid hajaanza kujenga hapa miaka ya 1860 palikuwa panaitwa Mzizima, babu zetu wanavua samaki wao kwa raha zao. Kwa hiyo sisi likizo hatuna pa kwenda kwasababu tupo kwetu, nyie ndo mlikuja likizo mkagoma kuondoka, mnarudi Uchagani Desemba kuhesabiwa tu.

Mangi Mtulivu: Hahahaa mtani umeniweza hapo kwa kuhesabiwa. Haya hicho kijiji chenu mtoto akifika anafanya nini, anaenda kwenye ngoma ya kigodoro?

Kisarawe Juu: Sasa hapo umetukana. Pale Kisarawe kuna msitu wa Pugu Kazimzumbwi, uko chini ya TFS, wale wakala wa misitu, kuna njia za kutembea kwa miguu, kuna bwawa la Minaki, kuna mapango ya popo, na kambi unaweka ukitaka kulala. Ndege wa humo wazungu wanapanda ndege kuja kuwaangalia, we unapita Gongo la Mboto kila siku hujui juu yake kuna nini. Kutoka Kimara asubuhi mnaenda, jioni mpo kwenu mnakula ubwabwa. Mama Kimara we njoo huku achana na hawa wanaotaka kumpandisha mtoto mlimani mwezi wa sita na baridi ile, atarudi na kifua.

Jirani wa Nakuru: Poleni majirani. Huku Kenya sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku hizi tuisheni za likizo kabisa, na bado wazazi wanalipa, walibadilisha jina tu. Kwa hivyo mkisema ni serikali iingilie, msisumbuke.

Mwalimu wa Jioni: Hapa pia serikali imeshasema mara nyingi shule zisifundishe likizo. Lakini anayenipigia simu usiku kuniomba sio serikali, ni mzazi.

Fundi wa Tabata: Mwalimu sema ukweli, anayeomba ni mzazi au ni kodi ya nyumba? Maana darasani mada inafundishwa nusu, nusu nyingine inasubiri sebuleni kwako kwa elfu moja moja.

Mwalimu wa Jioni: Ndugu fundi, mimi nimekuja hapa kwa heshima. Wewe ukiitwa kuchomea geti Jumapili unachomea bure? Nikifundisha mtoto wako muda wangu wa kupumzika inakuwa wizi, ila wewe ukichelewesha geti la mtu miezi na advansi ushakula, hiyo ni biashara. Darasani nina wanafunzi wanaokaa watatu dawati moja, nikimaliza silabasi nimemaliza kwa kukimbia. Njoo siku moja ukae nyuma ya darasa uone.

Fundi wa Tabata: Mi si wa mageti mwalimu, mi fundi friji. Ila pole naona imekugusa.

Binti wa Rombo: Nimemsoma Mangi hapo juu na kijiji chake cha mtori nikacheka peke yangu. Hiyo likizo anayoisifia ni ya mtoto wa kiume. Mimi nimekulia Dar, nimepelekwa Rombo likizo zote mpaka namaliza shule, na hayo majani ya ng'ombe anayosema alikuwa anakata, mimi ndo nilikuwa nabeba kichwani, narudi nakuta vyombo vya ukoo mzima, nakosha, nachota maji, nasonga, halafu nalala na wadogo sita chumba kimoja. Kaka zangu walikuwa wanazurura mtoni wanatega ndege wanarudi wanaulizia chakula. Bibi anakwambia unafundwa. Kufundwa gani kwa mtu mmoja tu kati ya watoto wa tumbo moja? Mama Kimara una binti wa kidato cha kwanza, kabla hujamkatia tiketi uliza nyumba anayoenda kuna watu wangapi na nani anapika. Na uliza analala wapi, hilo usiulize kwa aibu, uliza kabisa, maana kwenye zile nyumba za likizo wajomba na binamu wakubwa wanakuwa wengi na mbege ikishanyweka hakuna anayehesabu watoto.

Mangi Mtulivu: Dada yangu kwanza pole, lakini mbege umeiingiza bure. Mbege ni kinywaji cha heshima, ina utaratibu wake nani anaanza kunywa nani anafuata, sio kama hizo bia zenu za kreti. Watu wanapenda sana kuchafua mila za wenzao.

Binti wa Rombo: Kaka, katika yote niliyoandika umeona mbege?

Kisarawe Juu: Nimekaa pale naangalia watani wakichinjana.

Mtoto wa Sinza: cc tunaojadiliwa hatujaulizwa ata mmoja, xaxa naomba niongee km mwakilishi. me npo kidato cha nne. wazazi mnatuuliza tunataka nn alafu mshaamua. kijijin npo tayari kwenda ila niende na mshkaji wangu, kukaa na wazee wanaoniuliza umekuwa wa ngapi darasani kila jioni ni adhabu. me likizo naamka naenda kucheza mpira wa ndondo mtaani, mchana naedit video za timu yetu tunaposti, na zimeanza kuleta hela ya bando. kwenu nyie hyo ni kuchezea cm. na bichi tunayotaka cyo Coco, tunataka boti ya kwenda Mbudya au Bongoyo, maji masafi unaona chini kbs, km kuna mzazi wa kuongozana na cc poa 2, ila akae mbali kidogo.

Mwalimu wa Jioni: Mwanangu "xaxa" ni nini? Novemba utamwandikia msahihishaji hivyo? Hii ndio sababu nasema twisheni.

Mtoto wa Sinza: Mwalimu, kwa heshima zote. Kiswahili nilipata A mtihani wa moko. Hapa naandika kwa simu ya mama yenye kioo kilichopasuka. Je, una hoja kuhusu Mbudya?

Fundi wa Tabata: Dogo kamaliza kazi hahaha. Mwalimu kaa chini.

Mzee wa Mkoroshoni: Mimi nawashangaa mnabishana bichi ipi wakati hao watoto hawajui kuogelea. Mtu kazaliwa Dar bahari anaiona kwenye daladala, anafika majini anaingia mpaka magotini anapiga picha. Sikukuu zikifika kila mara unasikia kuna aliyezama. Likizo hii mngewatafutia mtu awafundishe kuogelea basi, ndo mchezo wa maana kuliko yote mliyotaja, na ni kitu anabaki nacho mpaka uzeeni. Sisi tulijifunzia Magogoni kwa kurushwa na kaka zetu, siwashauri hivyo, ila tulijua.

Dada wa Treni: Mama Kimara mi nakupa dili la siku moja. Treni ya umeme ya SGR mpaka Morogoro ni elfu kumi na tatu daraja la kawaida, chini ya masaa mawili mmefika, sio yale masaa manne ya basi na foleni ya Kibaha. Mkishuka asubuhi mnapanda milima ya Uluguru mpaka Morningside, kuna nyumba ya enzi za Mjerumani imebaki juu huko, mji wote uko chini ya miguu yenu, na njiani watu wanauza stroberi na mboga. Chukueni mwenyeji awaongoze. Jioni mnarudi. Wakitaka wanyama siku nyingine, basi la Iringa kutoka Moro linapita katikati ya hifadhi ya Mikumi barabarani, twiga na swala unawaona dirishani hujalipa hata senti ya kiingilio.

Mama Kimara: Dada asante, hii ya treni nimeipenda. Watoto wanalipa nusu?

Dada wa Treni: Nusu ni miaka minne mpaka kumi na mbili mama. Hao wa kwako kwa TRC, yaani shirika la reli, ni watu wazima.

Bosi Mstaafu: Elfu kumi na tatu mara watu watatu, kwenda na kurudi, ni elfu sabini na nane, bado hawajala, bado hawajapanda bodaboda. Mwanamke kasema hana hela mnampangia safari. Halafu mama samahani lakini, mtoto wa miaka kumi na sita analala mpaka saa tano na wewe upo hapo nyumbani unamuangalia? Hapo tatizo sio likizo, tatizo ni malezi.

Mama Kimara: Bosi Mstaafu naomba nikujibu vizuri maana jina lako linasema umestaafu kwa hiyo muda wa kusoma unao. Nani kakwambia niko nyumbani namuangalia? Mimi saa kumi alfajiri niko njiani kwenda kuchukua samaki feri, narudi saa tatu nakaanga, mpaka usiku niko kwenye meza yangu. Wanangu wanalala mpaka saa tano kwasababu usiku wananisaidia kufunga biashara, na huyo wa kiume ndo anabeba jiko. Nilipoandika wanalala sikuandika yote. Nilitaka kujua wapi watafurahi siku mbili tatu kabla shule haijafunguliwa, sio kupimwa malezi na mtu ambaye watoto wake bila shaka waliamshwa na dada wa kazi.

Binti wa Rombo: Mwambie mama. Mwambie tena.

Bosi Mstaafu: Sikuwa na nia mbaya. Ila dada wa kazi hatukuwahi kuwa naye, mke wangu alifanya yote.

Binti wa Rombo: Umejisikia lakini ulichosema?

Jirani wa Nakuru: Wacha nivute kiti.

Mtoto wa Sinza: mama Kimara ckia, maonyesho ya biashara ya sabasaba yanaanza tarehe 28, pale Kilwa Road. kiingilio cyo kikubwa, banda la maliasili wanaleta wanyama hai, banda la VETA, vile vyuo vya ufundi, wanafunzi wanaonyesha vitu wametengeneza wenyewe, me mwaka jana pale ndo nliona watu wa rika langu wanaunga umeme mpk nkatamani. mwanao akipenda kuna kozi fupi VETA za baadae akimaliza. na nauli ni daladala 2.

Fundi wa Tabata: Dogo huyu ndo wa kwanza kujibu swali toka uzi umeanza. Na mama, huyo wako akitaka kujua friji aje nimfundishe bure likizo hii, hata wa kike, wa kike ndo wanashika haraka.

Mangi Mtulivu: Na asiye na kijiji kipo kimoja pale Makumbusho barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za makabila mengi, ya Kichaga ipo na ya Kizaramo ipo. Mtani mpeleke mtoto akaone kwao hahaha.

Kisarawe Juu: Na ya Kichaga pale imejengwa kwenye ardhi yetu. Hata makumbusho mmepanga.

Mshomvi Mkongwe: Nimevumilia toka mwanzo. Kisarawe Juu, hiyo Mzizima unayojigamba nayo ilikuwa ya sisi Washomvi, Waswahili wa pwani. Nyie Wazaramo mlishuka kutoka bara huko, mkuu wenu Pazi Kilama kaitwa na wazee wetu aje asaidie kupigana na Wakamba, kazi ikaisha mkabaki. Kwa hiyo ukimwambia Mangi ni mgeni hakupiga hodi, na wewe uliitwa kazini ukakaa moja kwa moja.

Kisarawe Juu: Tuliitwa kwasababu mlikuwa mnapigwa mzee wangu. Na si mlikubali wenyewe kutulipa ile kodi ya kanda la Pazi, samaki na chumvi?

Mshomvi Mkongwe: Tulilipa.

Kisarawe Juu: Mpaka lini? Maana mi chumvi nanunua dukani.

Mama Kimara: Jamani huyo fundi friji wa Tabata anipe maelekezo, Tabata ipi, Segerea au Kimanga?